Tembo la Michikichi ya Baba

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Dada yako alifika jana kutoka Muleba. Anasema unaumwa sana na unaomba nikusamehe. Nakujibu mwenyewe. Atakayekusomea barua hii asome kwa sauti.

Unakumbuka ulivyokuwa ukija kwetu Kanazi, miaka ile baada ya Uhuru? Baba alikuwa ameleta miche saba ya michikichi kutoka Kigoma, majirani wakamcheka: Mhaya gani huyu, migomba haimtoshi? Wewe hukucheka. Michikichi ilipokua, baba aliukwea mmoja na kamba yake kiunoni akakushushia kibuyu cha tembo, nawe ukanywa hata povu halijatulia. Mama akakupikia ndizi na maharage kwa mawese, ukalamba vidole. "Tata," ulimwambia baba, "nyumba hii mimi siitoki."

Kisha ukawa katibu wa kijiji cha ujamaa. Baba aliomba jambo moja tu: michikichi isiguswe mpaka miche mipya ishike kule tulikohamishiwa. Ukasimama mkutanoni ukasema, "Mzee huyu anawalevya wajamaa." Ikakatwa yote siku moja.

Mchikichi ukilazwa chini huendelea kutoa tembo siku nyingi. Ulilijua hilo kwa sababu baba ndiye aliyekufundisha. Kila jioni ulikwenda na rafiki zako kulikinga na kulinywa, na baba akiwaona.

Ndiyo maana mkubwa wa wilaya alipokuja, nawe ukahutubia juu ya ubaya wa pombe, nilipiga magoti mbele yako na kibuyu mikononi. "Katibu, lile ulilobakiza jana."

Mkubwa akanusa. "Jana?"

Ukafuta jasho. Wazee wakaanza kuzitaja jioni zako, wanawake wakaangua kicheko. Wiki ile ile ukavuliwa ukatibu. Nilifurahi, na hata leo nikikumbuka jasho lako nafurahi.

Lakini baba hakucheka. Hakupanda tena mti wowote, na masika yaliyofuata tukamzika. Kwa hiyo aibu yako haikunitosha.

Dada yako analia, anasema padre ameshaitwa. Mwache aje. Padre ana msamaha wa Mungu, na akupe. Wa baba, alikwenda nao. Wangu nimekunyima, na nataka ulijue hilo ungali na akili zako timamu.

Kwaheri.

Mimi, mwanamke ambaye hukumuoa