Papa alichagua automatique

Ornella, uko? Usipige simu, Papa iko karibu, atasikia.

Tuko kwa garage moja ya Auderghem. Donc tumekuja kuona ile gari Mustang ya zamani anayoiota tangu Bukavu. Muuzaji iko nazo mbili: moja manuelle, ya kubadilisha gia na mukono, moja automatique, inabadilisha yenyewe.

Unajua Papa. Siku zote anasemaka: "Automatique haiko gari, ni kiti ya salon, ya kupumzikia nyumbani." Bon. Leo akapita kando ya manuelle, hata kuigusa hapana. Akasema: "Nakamata hii automatique."

Automatique! Papa yangu!

Na mimi mujinga nikacheka, mbele ya muuzaji: "Alors Papa, tumekuja kununua kiti ya salon?"

Hakucheka. Akaingia mu gari. Muguu ya kushoto ikabakia inje. Akaishika na mikono yote mbili, akaivuta ndani kama kitu ya muntu mwingine. Akaniambia polepole: "Embrayage, ile pedali ya manuelle, inaomba muguu ya kushoto, mutoto yangu. Hii yangu haisikie tena."

Nikapigia Maman, nimwambie tu gari imepatikana. Hakuuliza bei. Hakuuliza rangi. Akauliza: "Alichagua automatique?"

Nikasema ndiyo.

Akasema: "Basi na yeye amekubali kama ile muguu haitapona."