Sura yangu kwenye bango la metro

Jumanne, Anderlecht

Clarisse, mjukuu wangu, haya huna. Wewe ndiye uliyeleta wakubwa wa kampuni yako ya kompyuta, ukasema wanataka kuinua biashara za wanawake Weusi. Bon, kwetu mgeni hatumwombi pesa, tukawapikia sombe, majani yetu ya muhogo, kanisani. Wakala chakula chetu, wakatupiga picha, wakaahidi kwamba tutapika katika kantini yao. Mama Béa, mpishi mwenzangu, akaacha kazi yake ya usafi.

Leo nimeona sura yangu kwenye bango la kampuni yenu, kwenye kituo cha metro, nacheka kama mjinga. Kantini wamepewa wengine. Na wewe, unayefanya kazi mule ndani, ulijua tangu mwanzo...

“Kambo, bibi yangu, walau mumejulikana,” ndilo jibu lako. Kujulikana kunaliwa?

Kesho asubuhi uende kwa Mama Béa, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba kazi ya kantini haipo. Mimi sitakusemea.