Ini Langu Halina Kosa

Jumatatu, 7 Novemba

Kesho. Baba yuko gorofa ya kumi na moja, mimi ya tisa. Nimenyimwa chakula tangu mchana. Natamani supu ya mwani, mimi ambaye nyumbani huisukuma kando.

Niandike wazi, isije ikasemwa nililazimishwa. Mimi, Bang Suryeon, miaka thelathini na tatu, dereva wa foklifti, natoa upande wa kulia wa ini langu apewe baba yangu. Lake limekufa kwa virusi alivyozaliwa navyo. Si pombe. Nimechoka kuwaambia watu si pombe.

Jioni alikuja Shangazi Malsun, dada mkubwa wa Baba. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu na kuanza wimbo wake: angetoa Gihwan ingependeza zaidi, ndiye kifungua mimba, ndiye mwanamume. Kaka yangu ini lake limejaa mafuta. Aliambiwa apunguze kilo nane, akapunguza tatu, muda ukaisha. Nikasema, basi Shangazi, mpelekee Baba hayo mafuta. Amenuna mpaka ameondoka.

Profesa Pyo, daktari wetu wa upasuaji, ameshapima. Ini langu ni dogo kidogo kwa mwili wa Baba, lakini linatosha. Linatosha — ndilo neno alilotumia, na ndilo nililotia sahihi.

Ijumaa, 11 Novemba

Niko hai. Kucheka hakuwezekani, kukohoa ni balaa. Leo nimetembea mpaka mwisho wa korido nikisukuma mlingoti wa dripu. Mzee mmoja kanipita kwa kasi. Kesho nitampita yeye.

Baba yuko chumba cha uangalizi maalumu na siruhusiwi kumwona. Ninachopewa ni namba. Wanamtoa damu alfajiri, na baada ya kifungua kinywa nesi Gayeong ananisomea majibu. Ninazoandika ni mbili tu. Ya kwanza naiita manjano, kwa sababu ndiyo iliyompaka Baba macho rangi ya kiini cha yai. Leo 14.2. Ya pili ni ALT: ikipanda, ini linaumia. Leo 610, jana 900.

Gorofa hii kila familia ina kidaftari. Hawaulizani habari za asubuhi. "Wako ngapi leo?" "Saba. Wako?" Mwanzoni niliona ni wehu. Siku ya pili na mimi nikanunua kidaftari.

Profesa kanieleza kuhusu siku ya saba. Damu ya siku hiyo ikionyesha manjano imezidi kumi, ini jipya linahesabiwa kwenye kundi la mashaka. Wengi wa kundi hilo hurudi kupangwa foleni ya ini jingine, au hawarudi kabisa. Nikamwambia Baba yangu si wengi, ni mkulima wa matunda ya persimoni wa Cheongdo, mbishi kuliko jiwe. Akasema damu haimjui mkulima. Sijampenda huyu Profesa. Lakini hadanganyi.

Jumanne, 15 Novemba

Siku ya saba.

9.6!

Tisa nukta sita ni chini ya kumi hata kwa hesabu za Shangazi. Nimempigia simu kumwambia. Kasema alhamdu — hapana, hakusema hivyo, nampa sifa za bure. Alisema: "Chembe tu imebaki kufika kumi." Nikamjibu chembe hiyo hiyo inatosha, kama ini lenyewe.

Nimelia chooni. Kwa furaha, na kwa mshono pia.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimeruhusiwa kwenda nyumbani. Baba kahamishiwa wodi ya kawaida, na huko anaruhusiwa muuguzaji mmoja tu, mwenye bangili ya karatasi mkononi. Bangili amepewa Shangazi. Mimi sijaweza hata kuinua ndoo, sikubisha.

Walinipa dakika tano za kumwona. Macho meupe! Nilikuwa nimesahau kwamba macho ya Baba ni meupe. Kaniangalia tumbo, hakuniangalia usoni. Akauliza, "Linauma?" Nikasema haliumi. Akasema, "Mwongo." Kwa Baba hayo ni maneno mengi.

Manjano 3.8. ALT 62. Naziandika kwa kalamu nyekundu kwa sababu ni sikukuu yangu.

Jumanne, 22 Novemba

Zinapanda. Jumapili ALT 140, jana 260, leo 388. Manjano imerudi 5.9.

Gihwan kapiga simu kutoka kazini, sauti chini. Shangazi ameshautangazia ukoo mzima: ini la mwanamke ni dogo, limechoka kubeba. Anataka Gihwan apimwe upya. Kaka ananiuliza mimi afanyeje! Nikamwambia afunge mdomo na mlango wa friji.

Kisha nikampigia Shangazi mwenyewe. Akanijibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: "Hukufanya kosa, mwanangu. Umeumbwa hivyo tu. Kikombe hakiwezi kufanya kazi ya mtungi." Nikauliza, Baba anasemaje? "Yuko hapa hapa, anasikia." Nikasubiri aseme neno. Hakusema.

Hiyo ndiyo iliyonikata maini, yale niliyobakiwa nayo. Nimeshika ubavu mchana kutwa. Ini langu halina kosa. Lilimshusha kutoka kumi na nne mpaka chini ya nne. Mkitaka kulisingizia, leteni ushahidi.

Jumatano, 23 Novemba

Shangazi karudi Cheongdo kutengeneza kimchi ya msimu, kabichi za kuchachusha. Kabichi mia na ishirini zimeshalowekwa chumvi, hata kifo kingeambiwa kisubiri. Bangili nimevaa mimi.

ALT 471. Profesa Pyo alipita mchana. Anashuku mwili wa Baba unalikataa ini. Kesho saa tatu watamtoboa ubavu wachukue kipande, na bila kusubiri majibu wataanza sindano kali za kuishusha kinga ya mwili. Nikauliza ubaya wake. Kasema mafua ya kawaida yataweza kumuua. Kisha akauliza: amekula chochote nje ya chakula cha hospitali? Dawa za miti, vidonge, unga wowote? Nikajibu kwa kiburi: hapana, sisi si washamba.

Baba alikuwa anaangalia dirishani.

Alhamisi, 24 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Damu imeshachukuliwa. Baba alisikia baridi, nikafungua kabati kumtafutia soksi. Nyuma ya boksi la tishu kuna mfuko. Ndani yake pakiti za nailoni, zile wanazojazia dawa kwenye maduka ya kuchemsha mizizi. Tisa tupu, zimekunjwa vizuri. Sita zimejaa, nyeusi kama lami. Nimeinusa moja. Pakanga na vitu vingine nisivyovijua.

Nikamwekea juu ya blanketi.

"Tangu lini?"

"Jumamosi. Asubuhi na jioni." Hakujaribu hata kukana. "Inasafisha ini, Shangazi yako anasema. Ilimponya shemeji yake."

"Baba, kwenye karatasi ya hospitali hiyo ndiyo marufuku ya kwanza. Ulisaini."

"Suryeon, huyo alinibeba mgongoni mpaka nikaanza shule. Akinipa kikombe nimrudishie?"

"Na aliposema ini langu ni dogo, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Angejua ni yeye anayeniua. Ana miaka sabini na nne. Hilo hatalibeba."

Kwa hiyo nilibebe mimi! Sikusema. Nimeliandika hapa.

Saa moja. Amenipa shauri lake: nizitupe, asinywe tena, namba zitashuka zenyewe, hakuna wa kuaibika. Nikamkumbusha sindano za saa tatu. Kasema atazivumilia. Anavumilia kila kitu huyu, isipokuwa kumwambia dada yake hapana. Nikamuuliza kama anakumbuka ini hilo ni la nani. "Ni langu sasa," akasema, na alikuwa anataka nicheke. Nilikaribia kucheka. Nampenda, na nina hasira naye.

Saa moja na nusu. Msafara wa Profesa uko chumba cha jirani, nasikia anauliza mtu ngapi leo. Pakiti sita nimezipanga juu ya meza ya chakula, na tisa tupu pembeni yake. Baba kanyoosha mkono kuzifikia, mrija umemzuia.

Simu yangu inaita. Shangazi. Atakuwa anataka namba za leo. Naiacha iite.

"Kaa chini, mwanangu," anasema Baba. "Nakuomba. Kaa chini."

Naandika nimesimama.