Kivuko cha Kemuma na Page ya Mheshimiwa

Jumatatu, 12 Mei 2025
Kemuma tena! Yule mama anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili. Kila nikipost kitu kwenye page ya Mheshimiwa Anyona, MCA wetu, diwani wa wadi aliyeniajiri, yeye anaweka picha ileile chini yake: kivuko cha mtoni kwao, karibu na Suneka, mbao zimeng'oka. "Mheshimiwa, wazee wanavuka hapa." Siku ya tisa leo.
Nimemwonyesha Mheshimiwa. Hata hakuvua miwani. Ametumwa na wapinzani, akasema. Mblock.
Nimemblock. Sekunde mbili tu.

Jumatano, 14 Mei
Mvua. Nimepost Mheshimiwa akigawa mipira. Likes mia sita, sifa tupu. Page imetulia — mbona sifurahi?

Ijumaa, 16 Mei
Mama mzazi wa Kemuma alianguka kivukoni jana asubuhi, akienda kliniki. Maji yalikuwa yamejaa. Wamempata huko chini, kwenye matete. Anaitwa Nyangate. Aliitwa.
Mheshimiwa amepiga simu. Niandike rambirambi, niweke na picha ya mshumaa: "Tumempoteza mama yetu." Nimeandika.
Kisha nikafungua orodha ya niliowablock. Arobaini na mmoja! Wengine sikumbuki hata walisema nini.
Nilimwambia Baba yote, pale kwenye duka letu la nguo. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Kazi hii tuliitafuta mwaka mzima, akasema. Halafu: "Lakini Ayan, angekuwa mama yako?"

Jumamosi, 24 Mei
Mazishi. Mheshimiwa alitaka yaonyeshwe live, moja kwa moja kwenye page. Nikasimama karibu na kaburi na simu, yeye akaahidi daraja la chuma.
Kemuma akanijia polepole. "Dada, ni wewe unaandika ile page?"
"Ndiyo."
"Basi ni wewe ulinifungia."
"Ni mimi. Nisamehe."
Nilidhani atanipiga. Akanyoosha mkono. "Nipe niongee na watu."
Mheshimiwa alinikazia macho, akatikisa kichwa. Nikampa Kemuma simu.
Hakulia. Alisema mama yake alikuwa anaenda wapi, na nani aliambiwa mapema. Dakika nne. Mheshimiwa akaondoka kabla ya maombi.

Sasa ni saa kumi na moja jioni, niko chumbani juu ya duka. Video: watu elfu kumi na mbili wameitazama. Mheshimiwa amepiga mara sita. Ujumbe: FUTA SASA HIVI. Password ninayo peke yangu.
Sifuti.
Gari limesimama nje. Milango miwili imefungwa kwa kishindo. Namsikia Baba huko chini, sauti yake ya wateja: "Karibuni. Mnamtafuta nani?"