Mtunzi wa Nyimbo Mojamoja

Mpwa wangu Khairat,

Wengi hukosea kudhani kwamba bendi yetu kongwe inatoa nyimbo mojamoja kwa ajili ya soko.

Hapa Kismayo binti yangu Saada amejifungua msichana. Nimesikiliza ubishi wenu mashabiki katika jumbe za sauti kwenye simu. Mwenzako Mahdi anadai albamu nzima, nawe huko Mombasa ukacheka: "Mashairi gani haya? Mtunzi kaishiwa, apumzike!"

Mtunzi ni mamako. Kwa haya za kwetu kisiwani Chovae, aliwakataza waimbaji wasimtaje. Tangu apatwe na kiharusi hunitamkia neno mojamoja, nami naandika; wimbo mmoja humaliza mwezi. Alikataza usiambiwe.

Sauti yako aliisikia. "Kweli, nimeishiwa," alisema, na tangu juzi hatamki kitu.

Masikio yake bado mazima. Mimi mjomba wako Abdulmalik nakuomba: mpigie leo.