Karti Mere ya Nafasi Nne

Yaya Kambale,

Nimechukua ile kubwa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua, ungeniuliza kabla hata ya salamu. Nimechukua karti mere kubwa ya kompyuta, yenye nafasi nne za RAM, na tatu kati ya hizo ziko tupu. Sasa tulia nikueleze, maana nusura nichukue ndogo, na aliyenizuia si mtu ambaye ungemfikiria.

Kwanza habari za nyumbani. Hatuko tena kambini. Mimi na Mama tumepata chumba cha mbao hapa Goma mjini, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja. Chini ni mawe yale yale meusi ya volkano, ila sasa tuna kitanda na paa lisilovuja. Siku tulipoingia Mama alipigilia misumari miwili ukutani, mmoja wa rozari yake, mwingine wa koti lako. Sijalivaa. Asubuhi baridi ikipanda kutoka ziwani nalitazama, kisha najifunga kitenge naenda zangu sokoni kuuza maharagwe.

Watu wa hapa ni wema, lakini hawakukujua. Wananiita dada wa marehemu. Hakuna anayejua kwamba kule kwetu Kiwanja watu walipanga foleni mlangoni kwa sekretaria yetu, wewe kakangu ukipiga chapa barua zao na mimi chini ya meza, bisibisi mdomoni. Nikitaka kucheka juu ya jambo la kule, inabidi nianze kueleza tangu mwanzo, na nikifika katikati hamu ya kucheka imeshaniisha. Huo ndio upweke wangu, Yaya. Si kwamba sina watu. Sina wa kunimalizia sentensi.

Unakumbuka ulivyoiunda mashine yetu? Kasha ulilitengeneza kwa mbao za masanduku ya sabuni, ukatoboa matundu ya hewa kwa msumari uliotiwa motoni. Karti mere, ule ubao wa kijani ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake, ulikuja kwa lori kutoka Goma, umelazwa juu ya magunia kama mgonjwa. Ulikuwa na nafasi nne za RAM na wewe ulikuwa na bareti moja tu, kile kijiti cha RAM, ya kuweka. Nilikucheka sana. Nikakuuliza ni nani huyo anayejenga vyumba vinne akiwa na mkeka mmoja. Hukukasirika. Ulisema, "Mudogo wangu, nafasi ndiyo mutu ananunuaka kwanza. Bareti zitakuja tu." Na ya pili ilikuja kweli, baada ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutuletea kazi zao zote. Siku ulipoichomeka ulinilazimisha kwanza niguse chuma cha dirisha, ili umeme wa mwilini usiiunguze. Hadi leo siwezi kushika bareti kabla sijagusa chuma, hata kama nimesimama katikati ya soko na watu wananishangaa.

Vita vilipofika upande wetu, tuligawana mashine jinsi watu wa kwetu wanavyogawana kila kitu wakati wa kukimbia. Kila mtu kipande chake, ili akinyang'anywa mmoja visipotee vyote. Wewe ulifunga karti mere ndani ya kitenge. Mimi nilificha bareti mbili ndani ya kikopo cha sabuni, chini ya sabuni yenyewe. Ukamwomba Mama abebe waya tu. Akakataa. Alikuwa ameshajitwisha sufuria yake kubwa, ile ya sherehe, na alikutazama kama mtu aliyeombwa kubeba mawe. "Miye nabeba sufuria," alisema. "Sufuria inapikaka. Hiyo yenu inapikaka nini?" Uliyarudia maneno hayo njiani, ukiiga sauti yake, mpaka tulipopita Rumangabo. Watu walikuwa wanalia barabarani na mimi nilikuwa naona aibu kwa sababu nacheka.

Kisha kile kizuizi cha barabarani. Yule mwenye bunduki alifungua kitenge, akaugeuza ubao huku na huku, akasema, "Hii ni ya kuzungumuza na adui." Wewe ulimjibu polepole, "Hapana, chef. Ni ya kuandika barua. Hata ya kwako naweza kukuandikia." Aliugeuza ubao tena. Halafu akauliza kama inaweza kuandika barua ya kuomba likizo. Ulimwambia inaweza, ila si pale, kwa kuwa hakuna umeme, na akaturudishia ubao wetu kwa heshima yote. Wewe uliicheka habari hiyo siku nyingi. Mimi mpaka leo siwezi kuicheka.

Kambini sipendi kurudi hata kwa maneno. Mvua ilikuwa inaingia chini ya turubai, na mahali pakavu ulituachia sisi. Kifua chako kilianza kama mafua. Ulituambia ni baridi tu, itapita, na mimi nilikuamini kwa sababu ulikuwa hujawahi kunidanganya. Ulipoondoka, barabara ya kurudi ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hatukuweza kukulaza kando ya baba yetu. Tulikuzika hapa, ambapo kaburi halichimbwi kwa jembe. Wanaume walipokezana nyundo na mtarimbo, na kila waliposimama kupumua, nilitamani wasiendelee.

Baada ya matanga nilifungua kile kitenge. Maji yalikuwa yamekwisha kuula ubao. Miguu yake ya chuma ilikatika nilipoigusa. Nikabaki na bareti zako mbili ndani ya kikopo cha sabuni, nzima, zinanukia. Najua hakuna chako chochote ndani yake. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba RAM hushika kazi wakati mashine inawaka tu, na umeme ukizimwa haibaki na kitu. Najua. Nilizishika hivyo hivyo.

Basi, juzi juzi nikaenda kwa Papa Safari, fundi mmoja wa mtaa wa Birere, nikamwambia nataka kuunda mashine na kufungua tena sekretaria. Akaniwekea karti mere mbili mezani. Moja ndogo, ya zamani kidogo, yenye nafasi mbili tu, na hizo mbili zinapokea bareti za aina yako. Iliingia kwenye begi langu la mgongoni bila shida. Nyingine kubwa, mpya zaidi, nafasi nne, lakini bareti zako haziingii. Zimechongwa mkato upande mmoja na zile nafasi zina kijino upande mwingine. Papa Safari alinionya kwamba nikilazimisha nitavunja. Nililazimisha kidogo tu, alipogeuka.

Yaya, nilitaka ile ndogo kwa moyo wote. Nilisema moyoni, nitaziweka bareti zake, zitafanya kazi, kitu alichokishika kitakuwa kinawaka mbele yangu kila siku. Tena tukikimbia tena, nitatia ubao begini peke yangu, kwa sababu wa kugawana naye hayupo. Hapa kila mtu ana fungu lake karibu na mlango. Unaposikia milio ya bunduki kutoka upande wa Rutshuru unahesabu mikono iliyopo nyumbani, na kwetu iko minne tu, miwili yake ya mtu mzima aliyechoka. Ile kubwa ningeibeba vipi? Nikamwambia Papa Safari aniwekee ndogo, nitaichukua kesho. Lakini njiani nilikuwa nakusikia, "Nafasi ndiyo mutu ananunuaka kwanza," na nilikukasirikia. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna tena haja ya kukimbia.

Nilimweleza Mama yote wakati tunachambua maharagwe, hata hilo la kukasirika. Aliendelea kuchambua. Siku hizi anaweza kukaa na swali mpaka aliyeuliza alisahau.

Asubuhi nikamkuta anasugua ile sufuria kubwa kwa majivu. Aliisugua nje na ndani, akaianika juani, akaifuta kwa khanga mpaka isibaki hata tone. Kisha akajitwisha, na mfuniko wake juu, akasema, "Twende kwa huyo fundi." Nilimfuata nyuma kama mtoto. Birere yote ilitutazama. Kwa Papa Safari wateja walianza kuguna, na Papa Safari mwenyewe akasema kwa upole, "Mama, hapa hatupikake." Mama hakucheka. Aliteremsha sufuria juu ya meza, katikati ya bisibisi na waya, akauliza, "Ile kubwa iko wapi?"

Papa Safari alimpa, ikiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki na katoni yake imekunjwa pembeni. Mama aliilaza ndani ya sufuria. Upande mmoja uligoma. Akaizungusha kidogo, taratibu, kama anavyougeuza ugali. Ikakaa. Akaweka mfuniko, mfuniko ukafunga.

"Inaingia," alisema.

Halafu akaniambia mimi, bila kunitazama, "Kambale alipendaka nafasi. Chukua hii. Vita ikikuja, miye nitaibeba."

Nililia hapo hapo mbele ya wateja wa watu. Sikuwahi kumwona Mama akishindwa na wewe kwa jambo lolote ulipokuwa hai, Yaya, na umemshinda ukiwa haupo.

Bareti zako nilimwomba Papa Safari azijaribu angalau mara moja. Ana mashine nzee, haina kasha, iko wazi mezani, ambayo huitumia kupima vipande vya watu. Niligusa chuma cha dirisha, nikazichomeka mwenyewe. Mashine isipopata RAM hulia bila kukoma, wewe ulikuwa unasema inadai chakula. Haikulia. Ilitoa ule mlio mmoja mfupi wa kukubali, na kioo kikawaka. Zote mbili ziko hai. Papa Safari alinyoosha mkono azitoe anirudishie, nikamwambia aziache. Kwa hiyo sasa mashine yoyote iliyoharibika hapa mtaani, wakitaka kujua inaumwa nini, wanaanzia kwenye bareti zako. Nikipita Birere huwa nachungulia. Papa Safari ameshanizoea, hukisogeza kiti ili nione.

Kasha nimelitengeneza kwa mbao, kama lako, ila matundu yangu yamepinda. Ndani yake nimechomeka bareti moja mpya, niliyoinunua kwa pesa ya maharagwe. Nilipokuwa nafunga skrubu nilinyoosha mkono nyuma ili unipe bisibisi. Mkono ulikaa hewani muda, nikaona haya, nikainuka kuichukua mwenyewe. Umeme ukaja mchana, nikawasha, ikatoa ule mlio mmoja. Niligeuka kukuambia. Nyuma kulikuwa na kitanda tu, na koti lako ukutani. Basi nikakaa nikaanza kuandika, na barua ya kwanza ya mashine hii ndiyo hii.

Kesho mteja wa kwanza atakuja. Ni mwalimu kutoka upande wetu anayetafuta karatasi za watoto wake zilizobaki Kiwanja, anataka barua ya kuziomba. Juu ya mlango nimeandika jina lile lile tulilokuwa nalo kule. Watu watauliza huyo Kambale ni nani, na nimeamua nitakuwa naeleza tangu mwanzo, hata kama kicheko kitaisha katikati.

Mama hapikii tena ile sufuria. Ameiweka karibu na mlango, kavu, imefunikwa, tupu, inangoja siku ambayo sote tunaomba isifike. Tunapika kwenye kile kisufuria kidogo, na kwa kuwa tuko wawili, kinatosha.

Sasa nikuage, umeme hapa haudumu. Nakuahidi jambo moja, na unajua mimi sipendi kuahidi. Zile nafasi tatu nitazijaza, bareti moja moja, jinsi ulivyofanya wewe. Na siku bareti ya nne ikiwaka, nitaitoa sufuria mlangoni niirudishe jikoni, nimwambie Mama apike ya sherehe kama zamani, ya watu wengi, na kama hatuna watu wengi tutawaita majirani. Sitamuuliza kwanza. Nitawasha moto tu, nimpe mwiko.

Pumzika, Yaya.

Mdogo wako,
Kahindo