Kopo la Biti Zako Limefika Tengeru

Baba Anaeli,

Umelalaje huko? Mimi nipo. Goti linauma, ng'ombe amezaa dume, na upepo umeangusha migomba ya nyuma ya banda. Hizo ni habari ndogo. Kubwa ni ya lile kopo lako la biti za kutobolea mbao, na nakuandikia mwenyewe kwa herufi nilizookota kwenye mafundisho ya kipaimara. Kama zimepinda, vumilia. Shule sikupelekwa, unajua.

Tulipokwisha kukuzika, ndugu zako walikaa wakagawa. Banda na vyombo vya kazi vikaenda kwa Zakayo, kwa kuwa ndiye wa kiume. Ukoo wenu ndivyo unavyofanya. Binti yako Anaeli, ambaye wewe mwenyewe ulimtia randa mkononi, na leo ana karakana yake ya useremala Tengeru watu wanampangia foleni, alipewa blanketi lako. Alilikunja akashukuru. Mimi sikushukuru.

Zakayo si mtoto mbaya. Ila kazi yake ni ya ofisini, anakaa Sekei, na mikono yake ni laini kuliko ya mchungaji. Jumamosi moja alikuja kusafisha banda aweke pikipiki. Akachukua biti moja koponi, akaichomeka kwenye drili yake ya umeme, akawasha. Ikayumba kama mlevi, ikachomoka, ikagonga bati. Ya pili vilevile.

"Mama, hizi zote mbovu," akasema. "Jumatatu yule wa chuma chakavu akipita nampa."

"Hujui hata moja ilikuwa inafanya kazi gani, halafu unaitupa? Hebu toka hapo."

Nikalimwaga kopo kwenye ungo. Kutu tupu, Baba Anaeli. Nilizisugua kwa gunzi na mafuta ya taa mpaka loshoro ya jioni, mahindi na maziwa yangu, ikanuka taa, Zakayo akaila hivyohivyo. Zilipong'aa kidogo nikaona mikia yake ina pembe nne. Ile drili ya umeme mdomo wake unabana kwa meno matatu. Sasa ingeshikaje? Nikaitoa keekee yako nyuma ya mlango, ile ya kuzungusha kwa mkono huku umeiegemea kwa kifua. Nikaingiza mkia wa biti, ukatulia kama mtoto mgongoni.

Kumbe zilikuwa nzima. Ila ipi ni ya nini? Namba zilikuwa zimeliwa na kutu, na wewe hukuwa mtu wa kueleza, ulikuwa unapapasa tu unachukua. Nikasema, huyu mtu ameishi na mimi humu. Matundu yake yote yako humu.

Jumapili tulipotoka kanisani nikaanza kuzunguka na ungo wangu, napima biti kwenye matundu yako. Jirani akapiga kelele juu ya ua, "Mama Anaeli, unatafuta nini?" Nikamwambia namtafuta mume wangu. Akaingia ndani haraka.

Ile ndefu kama mkono ikaingia kwenye nguzo za zizi, pale inapopita miti ya kufungia. Ile fupi ikaenea kwenye mzinga wa nyuki, na nyuki wakaniuma shavuni, ndiyo maana nilijua sijakosea. Ile nyembamba ikaenea kwenye kitanda chetu, zinapopita kamba. Pale nilikaa kidogo. Sitaeleza.

Ikabaki moja. Nene juu, inakwenda inachongoka kama karoti, na ubavu wake una makali. Haikukubali popote. Nilipima mlango, meza, mpaka mpini wa jembe. Mwishowe nikachoka, nikakaa kwenye kigoda changu nikakusema vibaya, na huko uliko nadhani ulisikia.

Hicho kigoda. Cha mti wa mringaringa, ulichonitengenezea nilipoolewa. Miguu mitatu, hakina msumari, hakina gundi. Nilikuwa nakuuliza mbona hakilegei, nawe unanijibu, "Wewe kaa tu. Unavyokikalia ndivyo kinavyokaza." Miaka yote nilidhani unausema unene wangu.

Nikainuka. Nikakipindua, nikaugonga mguu mmoja kwa mchi mpaka ukatoka. Tundu lilikuwa pana chini, jembamba juu. Karoti yako ikaingia ikajaa, hata unyasi usingepita pembeni. Kumbe kila nilipokaa, mguu uliingia ukabanwa zaidi. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikacheka tena.

Jumatatu yule wa chuma chakavu akaita getini, na Zakayo alikuwa ameomba ruhusa kazini ili ampokee. Nikampa Zakayo ule mguu nikamwambia arudishe. Akaugonga, akakalia, akainuka akauvuta. Haukutoka. Akauvuta tena kwa mikono miwili. Kisha akainama akaziangalia biti kwenye ungo.

"Dada anazijua hizi?"

"Dada yako ndiye alikuwa anamshikia baba yenu mbao, wewe ukicheza mpira."

Akatoka, akampa yule mtu toroli bovu. Kopo na keekee akavibeba mwenyewe, na mimi nyuma yake, mpaka Tengeru. Pale mbele ya wateja akasema, "Dada, hivi ni vyako. Ukoo ulinipa mimi, na mimi nakupa wewe."

Anaeli aliichukua ile karoti kabla ya nyingine zote. "Hii ya vigoda," akasema. "Nilidhani baba alizikwa nayo. Nimekuwa nikipiga gundi, na vinalegea." Akageukia mbao zake, akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la msumeno.

Baba Anaeli, sijui kama mtu hupasuka kwa fahari. Siku ile nilikaribia.

Kaka yako mkubwa alikuja kuniuliza kama ni kweli vyombo vya ukoo vimekwenda kwa mwanamke. Nikamwekea kigoda changu. Akakaa, akanywa chai, akapapasa miguu ya kigoda kwa chini akitafuta msumari. Akaaga akaenda zake.

Sasa Anaeli anamtengenezea kigoda mtoto wa Zakayo, bila gundi.

Basi pumzika, fundi wangu. Nakuahidi keekee yako haitaning'inia tena nyuma ya mlango. Na mimi nitaendelea kukikalia kigoda chako kwa unene wangu wote, kizidi kukaza, mpaka nije.

Mkeo,
Mama Anaeli